Kisanduku cha Arobaini na Moja

Kwa miaka kumi na mmoja Kipketer aligawa barua katika kampuni moja ya Nakuru iliyonunua maziwa ya masetla kuanzia Bahati hadi Molo. Malori yaliporudi mashambani yalibeba mifuko ya barua. Katika chumba cha barua meza ilikuwa kona moja, mifuko kona nyingine, na katikati goti la kushoto la Kipketer, ambalo lilianza kulalamika mwaka wa hamsini na tatu na halijapata wa kulisikiliza.

Mwaka wa hamsini na sita akaletwa Bwana Pelham kupanga chumba upya. Alikuja na futikamba. Alipima meza, akapima mlango, akahesabu hatua za Kipketer kutwa nzima, kisha akamwarifu kwamba ametembea maili nne bila kutoka chumbani. Kipketer hakushangaa. Goti lilikuwa limeshamwambia.

Meza ikasogezwa. Ukutani vikajengwa visanduku arobaini, kila kimoja na jina la mwenye shamba, kwa kufuata alfabeti. Kazi ya watu wawili sasa ikawa ya mmoja, na Achola, aliyeajiriwa juzi juzi, alikuwa na magoti mawili mazima. Kipketer angeondoka mwisho wa mwezi.

"Usinitazame hivyo, mzee," Achola alisema. "Si mimi niliyepima."

"Sikutazami. Napumzisha macho, na wewe uko hapo."

Barua za masetla ziliingia visandukuni vizuri sana. Za wafanyakazi wao zikakwama. Huko makwao hakuna aliyejua setla anaitwa nani kwa Kizungu. Walijua anavyoitwa na vibarua wake, na ndivyo walivyoandika kwenye bahasha: kwa Bwana Tumbo, Molo. Kwa Macho Nne. Kwa Mama Hasira, Bahati. Pelham akaongeza kisanduku cha arobaini na moja, cha wasiojulikana, mwisho kabisa wa ukuta. Baada ya wiki mbili ndicho kilichojaa kuliko vyote.

"Wewe najua hawa?" Pelham alimuuliza Kipketer.

"Nawajua, bwana. Wote."

"Basi andika. Hii jina, hii shamba. Mimi nabandika ukutani, Achola nasoma."

Kipketer akashika kalamu. Kila Ijumaa masetla walipita chumba hicho. Bwana Tumbo angesimama mbele ya ukuta, angejisoma, na kiboko kingemwangukia kibarua ambaye mamaye aliandika bahasha. Na Kipketer akishaandika, nani angemhitaji? Akaiweka kalamu chini.

"Hayaandikiki, bwana. Yanabadilika. Mwezi huu ni huyu, mwezi ujao ni mwingine. Lazima mtu awepo."

Achola akainama kufunga kamba za kiatu kisicho na kamba.

Pelham akafikiri, akakubali: mtu awepo, Kipketer asiondoke. Na kwa kuwa lazima awepo, likizo ambayo Kipketer alikuwa ameomba mapema mwaka huo aende kwa mkewe Cheptoo ikafutwa, na ya mwaka uliofuata pia. Kutoka mezani hadi kisanduku cha mwisho palikuwa mbali. Maili nne zikarudi, zikaja na jamaa zao.

Mwezi wa Novemba Pelham mwenyewe aliokota bahasha mezani, ya mpishi fulani, kwa Bwana Futikamba, Nakuru. Akaigeuza geuza.

"Huyu nani?"

"Mgeni, bwana. Bado namtafuta."

Akaipokea kwa mikono miwili, akaanza kutembea nayo kuelekea mwisho wa ukuta.