Meno ya Mawe ya Mto Luiche

Sisi tuliokulia Ujiji miaka ile ya wakimbizi, boti zilipokuwa zikishusha watu na magodoro pale Kibirizi, hatukuhitaji kununuliwa vitu vya kuchezea. Tulicheza rede kwa mpira wa soksi kuukuu. Tulikula ugali wa muhogo na dagaa wa mawese mpaka midomo ikageuka rangi ya machungwa. Jumamosi tulibeba nguo kwenda kufua Mto Luiche, na mama hakuacha kutuonya, "Maji hayana rafiki." Tuliitikia "ndiyo mama," kisha tukaingia mpaka kiunoni.

Kiangazi kimoja nyumbani kwetu kulikuwa na mtoto wa ziada. Msichana wa rika langu alikuwa amevuka ziwa kutoka Kongo peke yake. Waliokuwa naye botini walisema mama yake aliachwa ufukweni watu walipokuwa wakisukumana. Baba yangu, bwana afya aliyehamishiwa Kigoma kutoka Pangani, alimkuta bandarini akamleta nyumbani. Hakuwa akisema neno. Hata jina lake hatukulijua, basi mama akawa anamwita Binti tu. Alikula, alifagia, alitufuata mtoni, lakini kinywa hakikufunguka. Usiku nililala naye kitanda kimoja, na nilizoea kushikwa mkono na mtu asiyeniambia kitu.

Siku moja mto ukiwa umepungua, kaka yangu Jumanne aliona vitu vyeusi kwenye changarawe. Vilikuwa vidogo, vizito, vyenye ncha. Tukachambua mchanga mpaka nguo zikasahauliwa juu ya jiwe. "Meno ya papa," Jumanne akatangaza, maana baba alikuwa ametusimulia sana habari za papa wa bahari ya kwao.

Tulichapwa kidogo kwa ajili ya nguo. Halafu baba akamwaga meno yale kwenye sinia, akakaa nasi barazani. Aligonga moja kwenye glasi, likalia kama jiwe. "Haya ni ya zamani sana," akasema. "Yamekaa ardhini mpaka yamegeuka mawe." Akatufundisha kuyatenga. Lenye umbo la pia na tundu chini ni la mamba. Jino la papa ni bapa, ukingo wake unakata, na shina lake limegawanyika kama miguu miwili mifupi. Tukatenga, tukabishana, tukanyang'anyana. Karibu yote yakaangukia upande wa mamba, na Jumanne akanuna.

Likabaki moja bapa, la pembetatu, lenye ukingo mkali. Shina lake lilikuwa limevunjika. Baba aliligeuza kwenye mwanga muda mrefu. Naona na yeye alitamani liwe la kwao.

"Huenda hili ni la papa," akasema.

Binti akanyoosha mkono, akalichukua, akapitisha kidole kwenye ukingo.

"Hapana ya papa," akasema. "Hii ni ya samaki ile inakata nyavu. Mama alikuwa anaiuzisha ku soko, ku Uvira."

Mama alikuwa mlangoni na mwiko mkononi. Baba hakubishana. Aliuliza polepole, kama anayeulizia bei tu, "Mama anaitwa nani, mwanangu?"

"Mama Faida. Faida ni mimi."

Kesho yake alfajiri baba alikwenda Kibirizi kwa wachuuzi wa samaki, akiulizia muuza samaki wa Uvira aitwaye Mama Faida. Wachuuzi wakawaambia wenye boti, wenye boti wakapeleka habari vijiji vya kaskazini. Jibu likarudi kutoka Mwamgongo: yupo mama wa jina hilo, alivuka na boti ya baadaye, anaanika dagaa za watu na kila boti ikifika anaulizia mtoto.

Alikuja kwa miguu kutoka Kibirizi hadi kwetu, maana hakuweza kusubiri gari lijae. Faida alikuwa anaosha vyombo. Mama yake hakulia kwa sauti. Alikaa chini pale pale kwenye maji ya vyombo, akamvuta mwanawe mapajani kama mtoto mchanga, akamhesabu vidole. Kisha akamgeukia mama yangu akasema, "Aksanti, dada." Mama yangu akaingia ndani, akamletea khanga kavu.

Siku hizi wanangu wakiokota kitu wanakipiga picha, simu inawaambia jina lake, na wanakitupa kabla hawajaketi. Siwalaumu, wanajua mengi kuliko sisi. Ila nashukuru kwamba sisi tulikuwa hatujui. Kwa kuwa hatukujua, tulikaa barazani jioni nzima tukipitisha kitu kimoja mkono kwa mkono, mpaka kikamfikia aliyekuwa na la kusema.