Ekzosi Iliyobisha Hodi

Mimi ni mtu wa kushuku, sikatai. Mama yangu alikuwa akisema hata nikipewa maji nayanusa kwanza. Kwa hiyo siku mume wangu aliporudi na lori nyumbani kwetu Cheyo, nami sikujua ni yeye mpaka alipozima injini mlangoni, nilisimama na mwiko mkononi nikajiuliza: huyu leo ananinyatia kwa nini?

Lori lile lilikuwa la tajiri wake, Mwarabu wa mjini aliyenunua asali na nta vijijini na kupeleka huko chumvi na sabuni. Lakini aliyelilea ni mume wangu. Hata ekzosi yake aliichagua mwenyewe, miaka ya mwanzo ya uhuru, kwa fundi mmoja mwenye karakana karibu na stesheni. Nilikuwapo, nimempelekea chakula. Fundi alifunga mabomba matatu, moja baada ya jingine, kila mara akimwambia akanyage mafuta asikilize. La kwanza lilikuwa na kopo kubwa lenye vyumba ndani. Lilituliza mlio vizuri ukawa kama wa malori mengine yote, ila injini ikakosa pumzi. La pili lilikuwa wazi tupu. Nguvu lilikuwa nazo, lakini watu wa stesheni walitoka nje kutukana. La tatu lilikuwa bomba pana lenye kopo dogo. Mume wangu aliweka kiganja kwenye mdomo wa bomba, akaupima moshi unavyosukuma, akacheka peke yake.

"Hili linapumua," akasema.

Lilikuwa na sauti nzito, bu-bu-bu, na dereva akiachia mafuta linapiga makofi mawili: pa-pa! Tangu siku hiyo, akiwa bado mbali, upande wa Ipuli, mimi huku nalisikia, naweka maji ya ugali jikoni.

Mama naye aliijua sauti ile. Aliishi kijijini, njia ya Nzega, kwenye nyumba aliyoachiwa na marehemu baba. Sasa kwetu Wanyamwezi, mkwe na mama mkwe wanaoneana haya. Hawali pamoja, hawatazamani usoni, na wakikaribia kukutana njiani mmoja anajitupa pembeni majanini. Mkwe mwenye adabu hukohoa mbali kabla hajaingia uwanjani. Mume wangu hakuwa na haja ya kukohoa, lori lilimbishia hodi. Mama akisikia pa-pa kwenye kona ya korongo, anaacha kinu, anaingia ndani, anafunga mlango. Mume wangu anashusha chumvi na sukari kizingitini, anasalimia kwa mbali, mama anaitikia huko huko ndani, basi. Mama alivyojivuna! Eti mkwe wake ana adabu mpaka kwenye gari.

Halafu ndiyo ikaja siku hiyo ya kunyatiwa.

"Umelifanya nini lori?" nikamuuliza.

"Nimebadilisha ekzosi. Ile imetoboka."

"Imetoboka wapi?"

"Imetoboka tu."

Mh! Mtu aliyekuwa akinihadithia habari za injini mpaka nasinzia, leo imetoboka tu. Nikainama uvunguni mwa lori na kanga yangu safi. Nikaliona lile kopo kubwa, lile lile alilolikataa zamani kwa sababu linanyima injini pumzi. Dereva gani analipunguzia lori lake nguvu kwa hiari yake, na barabara zetu zile za mchanga?

Jirani yangu akachochea moto. "Mwenzangu, dereva akitaka gari lake lisijulikane, ujue ana mahali anakwenda." Nikamwambia anyamaze, lakini neno lilikuwa limeshaniingia. Nilinusa mashati. Nilipekua mifuko. Nilimhesabia siku, safari ya siku mbili ikiwa tatu naanza kesi. Naye alikuwa amebadilika kweli: hali, hacheki, nikimsemesha anatazama kuta.

Kisha akanipa ushahidi kwa mdomo wake mwenyewe.

"Mama yako angekwenda kukaa kwa dada yako Igalula," alisema asubuhi moja akinywa uji. "Mwezi mmoja hivi. Nitampeleka mimi."

"Akafanye nini Igalula, na mtama unakaribia kuvunwa?"

"Apumzike."

Ala! Tangu lini mkwe akampangia mama mkwe kupumzika? Nilishaona yote. Mwanamke wake yuko kijijini kwa mama, na mama anatakiwa aondoke asije akaona. Nikamwambia ng'o, mama yangu haendi popote.

Nikatoka nikaenda moja kwa moja kwa fundi. Nilimpa shikamoo, akaitikia marahaba huku ananikwepa macho.

"Mume wangu alikuambia anataka kopo lile la nini?"

Fundi akafuta mikono kwa kitambaa, taratibu, kidole kimoja kimoja. "Alisema anataka lori lisijulikane kuwa ni lake. Mengine muulize mwenyewe, mama."

Nilimjia juu mume wangu jioni ile mpaka majirani wakajaa uani. Nilimwambia lile bomba la zamani lirudi au mimi nirudi kwetu, achague. Sikumpa nafasi ya kusema, na ninavyojijua, hata angesema nisingesikia. Kisha akasema, "Sawa, mama watoto." Kesho yake nilikwenda naye karakana nikasimama pale pale mpaka fundi alipokaza nati ya mwisho. Bomba la zamani halikuwa na tundu hata moja. Lori likapiga makofi yake, pa-pa! Nikarudi nyumbani nimeinua shingo.

Haikupita wiki mbili. Ulikuwa ule mwaka wa watu kuhamishiwa vijiji vya ujamaa, na malori ya watu binafsi yaliazimwa kwa kazi hiyo, la tajiri wake likiwamo. Hilo mimi sikulijua. Nilichojua ni kwamba alasiri moja nilisikia makofi kule Ipuli, nikaweka maji jikoni. Nikasonga ugali, nikaupakua. Lori limesimama mlangoni, mtu hatoki. Nikaenda kumwita. Alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili na injini imeshazimwa.

"Leo tumehamisha kijiji cha mama," akasema.

Akanieleza bila kunitazama. Malori yalikuwa matatu, lake limetangulia. Watu wa pale walikuwa wamejifunza: wakisikia malori wanakimbilia porini. Siku ile pia walikimbia. Mama hakukimbia. Alisikia makofi kwenye kona ya korongo, akaacha kinu, akaingia ndani, akafunga mlango, akakaa kumngojea mkwe wake ashushe chumvi. Mgambo wakaufungua. Alitoka amejifunika kanga uso mzima, na kwa kuwa lori lilikuwa refu na yeye miguu haina nguvu, wakamwamuru dereva amsaidie kupanda.

"Nimemshika kiunoni," mume wangu akasema. "Mama mkwe wangu. Nimemnyanyua kwa mikono hii."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Tulikatazwa. Na wewe ukijua jambo, mtaa mzima unajua." Hakusema kwa ukali. "Nilitaka asikie lori asilolijua, akimbie na wenzake. Ulipokataa aende Igalula, nilikuwa nimebakiwa na lile kopo tu."

Nilikaa chini pale pale kwenye vumbi. Nililia kwa uchungu na kwa aibu, sijui kipi kilizidi. Nilimwambia alirudishe lile kopo kesho hiyo hiyo. Akasema la nini sasa.

Miezi michache baadaye nilikwenda naye kumwona mama kwenye kijiji kipya. Nyumba zilikuwa zimepangwa mstari kando ya barabara, na yake ilikuwa ya nne, bado ya nyasi. Tulipokaribia mume wangu aliachia mafuta, lori likapiga makofi yake kama kawaida. Mama alikuwa amekaa uwanjani anapepeta mtama. Nikangoja anyanyuke aingie ndani.

Hakunyanyuka. Hakujitanda kanga wala hakugeuza uso. Mume wangu aliposhuka na mfuko wa chumvi mama alimtazama machoni, wazi kabisa, mtu anavyomtazama mpita njia. Aliyekimbia ni mume wangu. Aliuacha mfuko kwenye vumbi, akazunguka akajificha nyuma ya lori.

Nikapiga magoti kando ya ungo. "Mama," nikamwambia, "hukulisikia lori?"

"Nimelisikia," akasema, akipuliza makapi. "Ni lori."