Pweza wa Lavington Aliyekataa Kula

Saa mbili asubuhi, nyumba moja mtaani Lavington, jijini Nairobi. Mwihaki amepiga magoti mbele ya tangi la kioo, mkono umezama majini hadi kwenye kiwiko. Ameshika bomba la sindano lisilo na ncha, anapuliza maji taratibu juu ya mayai yanayoning'inia chini ya jiwe. Kila yai ni dogo kama punje ya mchele, na ndani yake mna macho mawili meusi.

"Yananiangalia," ananong'ona. "Mpaka leo sijazoea."

Nani angezoea? Mama huyu wa Kangemi aliajiriwa kufua na kupiga deki, si kulea watoto wa pweza. Kabla ya mwaka huu wa 2006, hakuwa amemwona pweza hata kwenye picha.

Tangi ni la mwajiri wake Chetan, mwenye duka la dawa, anayeagiza maji ya bahari kwa mitungi kutoka Mombasa. Alipokuwa safarini, pweza wake alitaga. Mwihaki ndiye aliyeachiwa kazi ya kumlisha, na pweza akagoma kula. Aliyakumbatia mayai yake tu, akiyapulizia maji usiku na mchana.

Kwao Mwihaki, mzazi hakai na njaa. Mwanamke akijifungua, majirani humletea uji, na akiukataa hubembelezwa. Basi naye akabembeleza. Alitia vipande vya samaki asubuhi na jioni, akavisukuma hadi chini ya jiwe.

"Nilimwambia, kula mama, nguvu utatoa wapi?"

Chakula kikaoza, maji yakawa meupe kama yaliyooshewa mchele. Asubuhi moja akamkuta pweza amepauka, mikono imelegea mchangani.

"Nilishtuka. Nilijua nimeua."

Alimpigia mwajiri wake simu akilia. Alichoambiwa kilimshtua kuliko kifo chenyewe.

"Mama Wamucii, si wewe uliyemuua," Chetan alimwambia, akimwita kwa jina la mwanawe. "Pweza huyo akishataga hali tena. Hulinda mayai mpaka yaanguliwe, kisha hufa. Ni kosa langu, sikukueleza. Lakini hicho kilichooza kitaua mayai. Badilisha maji sasa hivi."

Alibadilisha. Mayai mengi yalikuwa yameshaharibika. Yaliyobaki ndiyo anayopulizia sasa, kazi ambayo mama yao angeifanya.

"Ajinyime mpaka afe, na watoto hata hajawaona?" anauliza, akitikisa kichwa. "Hiyo nimeshindwa kuielewa. Kanisani nimeisimulia, wakadhani natunga."

Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na ule wa pweza, mama huyu wa Kangemi anaukaribia.

Mayai yataanguliwa wakati wowote. Chetan amekwisha kuagiza uduvi hai kwa ajili ya hao wadogo, na Mwihaki ameomba ruhusa awe ndiye wa kwanza kuwalisha.

"Sitamlazimisha yeyote," anasema. "Nitaweka chakula, nirudi nyuma, ninyamaze. Nataka kumwona mmoja tu akila."