Mshika Fito wa Korongo

Mume wangu, Lowell Tvedt, alishika fito pembeni mwa uwanja wa chuo chetu kwa misimu thelathini na mmoja, na muda wote huo hakuruhusiwa kushangilia. Ndiyo sheria. Washika fito ni watu wa mjini na hawalipwi, lakini siku ya mechi wao ni watu wa refa. Hawavai rangi za timu wala hawapigi makofi. Na Lowell aliipenda Korongo, timu ya chuo, kuliko mtu yeyote niliyepata kumjua hapa mjini Kittredge, pengine jimbo zima la Nebraska.

Mpira wetu ni wa kubeba mikononi. Timu hupewa majaribio manne ya kusogea yadi kumi. Isipofika, mpira unakwenda kwa wapinzani. Yadi hizo hupimwa kwa fito mbili zilizounganishwa kwa mnyororo. Lowell alishika ufito wa nyuma, ule unaoonyesha timu ilipoanzia. Pia alibana kibanio kwenye mnyororo, sawasawa na mstari mweupe wa uwanjani, ili fito zikiyumba zirudishwe palepale. Kibanio hakifunguliwi mpaka refa aseme.

Siku hizo watu elfu tisa walijaa uwanjani, katika mji wenye watu elfu saba. Asubuhi nilipika sufuria la nyama na maharage, tukala na mikate ya mdalasini nyuma ya pikapu nje ya uwanja, kisha yeye akavaa shati lake jeupe akashuka uwanjani. Mimi nilipanda safu ya ishirini. Nilimtazama yeye kuliko mpira.

Mwaka 1986, mechi ya mwisho, theluji ilikuwa imeanza kudondoka. Tulikuwa mbele kwa pointi mbili, zimebaki dakika mbili. Jaribio la nne. Tukifika, ubingwa ni wetu. Dwight Kolar, kijana niliyemfundisha Kilatini sekondari, akaukumbatia mpira akapenya katikati ya majitu. Walipoanguka wote chini, uwanja mzima ulisimama. Refa akaita fito. Walipima. Mpira ulipungua kufika kwa upana wa kidole kimoja. Wapinzani wakachukua mpira, wakaupiga katikati ya milingoti wakapata pointi tatu, wakashinda.

Siku ya pili, tuliporudi kutoka kanisani, Lowell alikaa jikoni bila kuvua koti.

"Marlys, niliruka," alisema.

"Uliruka wapi?"

"Dwight alipopenya. Niliona amefika, nikakifungua kibanio, nikaruka na ufito mkononi. Kama mtoto. Walipoita kipimo, nikaurudisha kwa kukisia."

Nilimwuliza nani alimwona. Akasema macho yote yalikuwa kwenye rundo la watu.

"Nataka kwenda kwa kocha. Na kwa yule kijana."

Nilimwambia hapana. Baba yake alikuwa mzee wa kanisa, mimi nilikuwa mwalimu, na duka letu la mbegu lilikuwa na jina la Tvedt mlangoni tangu 1921. Watu hununua mbegu kwa mtu wanayemwamini kipimo chake. Nikasema, "Jambo hili halitatoka jikoni humu." Halikutoka.

Lakini mji una pua. Hakuna aliyekuwa na ushahidi, ila mtu mmoja alidai Lowell aliupiga ufito kwa mguu ukasogea, na hilo lilitosha. Mkahawani, Verle Stroud alianza utani wake ambao haukuisha mpaka alipozikwa.

"Lowell, mkate wangu umeupima wewe? Mbona umepungua kidole?"

"Kula, Verle."

"Nakula, bwana, ila mguu wako ukae mbali. Usije ukahamisha na meza."

Watu walicheka, na Lowell alicheka nao. Akitoka hapo, alipanga upya magunia ya mbegu dukani mpaka chakula cha jioni.

Kocha aliondoka mwaka uliofuata. Wachezaji wazuri wakaanza kwenda vyuo vikubwa. Kiwanda cha nyama kikafungwa, familia zikahama. Tukashinda mechi nne, halafu mbili, halafu msimu mzima bila hata moja. Sababu zilikuwa nyingi, lakini mji ulitaka moja tu, nayo ikawa mguu wa mume wangu. Aliendelea kushika fito, kwa kuwa kuacha kungekuwa kukiri. Nami niliendelea kukaa safu ya ishirini, majirani zangu wakipungua mmoja mmoja, mpaka nikawa naweka mkoba wangu popote nilipotaka. Jumamosi iliyopita tulifungwa sitini na mbili kwa bila. Bendi ya chuo ilibaki na watu kumi na tisa.

Lowell alifariki miaka minne iliyopita. Mwaka huu chuo kimeniomba niandike habari zake kwa ajili ya kitabu cha miaka mia ya uwanja. Nilikuwa nimeandika kurasa mbili safi, zenye heshima, Dwight Kolar alipogonga mlango na mfuko wa nyanya. Ana mvi sasa. Amekuwa dereva wa lori la nafaka tangu aache chuo majira yale yale ya baridi, baada ya mechi ile.

"Mwalimu, nasikia unaandika habari za mzee Lowell."

"Naandika. Kaa, kahawa ipo."

Alikaa ukingoni mwa kiti. "Andika kwamba niliteleza. Goti liligusa chini kabla mpira haujafika. Miaka yote hii walimsema yeye, nami nilinyamaza, maana wakimsema yeye hawanisemi mimi. Iandikwe kosa ni langu, lisafishwe jina la mzee."

Hicho ndicho nilichokitaka kwa miaka thelathini na saba, na sasa kililetwa mezani kwangu pamoja na nyanya. Ningeweza kusema asante tu, yakaishia hapo.

Nilimweleza yote. Kibanio, kuruka, kukisia.

Aliweka kikombe mezani. "Kwa hiyo nilifika?"

"Sijui, Dwight. Hata yeye hakujua."

"Mzee aliruka?" Uso wake ulikuwa kama wa mtu anayesikia habari ya nduguye aliyepotea siku nyingi. "Yule mtu mkimya vile? Alinishangilia mimi?"

"Alikushangilia wewe."

"Angeniambia, Mwalimu! Ningemtania mwezi mzima, tukanywa bia, yakaisha. Mimi nilidhani hata kuniangalia hataki. Nikimwona mjini navuka barabara."

"Alitaka kukuambia," nilisema. "Mimi ndiye niliyemkataza."

Alichukua kofia yake. Hakunitukana; angenitukana ingekuwa afadhali. Kutoka dirishani nilimwona amekaa ndani ya pikapu yake, mikono kwenye usukani, injini haijawashwa. Nilibaki pale dirishani. Alipoondoka, nilizichana zile kurasa mbili, nikaandika hizi unazosoma.