Average ilivyotunyima mahindi Migori, na mchoro wenyewe ulikuwa unasema ukweli

Wakuu, poleni na kazi. Shule niliacha darasa la sita, kwa hivyo mtanivumilia. Lakini hii niliona na macho yangu, na majina nataja.

Ni miaka ya tisini, ukame umetupiga. Project moja ilikuwa na mahindi ya bure ya kijiji kimoja tu: sisi wa Migori, ama wenzetu wa Lambwe kule Homa Bay. Wakauliza kila boma imevuna debe ngapi, ndio kijiji kilicho chini kipewe.

Siku ya baraza afisa wao, Wafula, akabandika karatasi kubwa ya manila ukutani. Masanduku mawili, kila moja na mkia juu na chini. Inaitwa box plot. Hilo jina nimelijua juzi tu, kwa binti yangu ako form three.

Alieleza vizuri, hiyo sitamnyima. Unapanga maboma kutoka aliyevuna kidogo hadi aliyevuna mingi. Robo ya chini weka kando, robo ya juu pia. Nusu inayobaki katikati ndiyo sanduku.

Sanduku ya Lambwe ilikuwa fupi, imekaa juu kidogo. Yaani watu wa katikati wamekaribiana, na wako na kitu.

Yetu ililala chini kabisa, na mkia wa juu umepanda karibu utoke kwa karatasi.

Mama yangu akamuuliza Wafula, akimwita mwanangu kwa Kijaluo, "Nyathina, hiyo mkia refu ni ya nani?"

"Ni boma iliyovuna zaidi, mama."

"Si useme tu ni Odongo."

Watu wakacheka. Odongo, assistant chief wetu, hakucheka.

Ng'ombe za kulima zilikuwa zake. Alilima shamba zake zote kwanza, halafu za shemeji zake. Mjane kama mama alifikiwa mvua ikiwa imeenda. Mkia wake ulipanda kwa sababu sanduku yetu ilishuka.

Na chakula ya bure ikija, nani angempelekea mbuzi abadilishiwe mahindi?

Akamwita Wafula kando. Waliporudi, manila ikakunjwa.

"Tutatumia average," Wafula akasema, anaangalia viatu vyake. "Migori iko juu."

Average gani. Mavuno ya Odongo tuligawiwa kwa hesabu, kwa sufuria hakuna.

Lori ikaenda Lambwe. Sisi tukapeleka mbuzi kwa Odongo, halafu kuku, halafu hakukuwa na kitu ya kupeleka.

Mdogo wangu Atieno alikufa kabla mahindi mapya hayajakomaa. Odongo akaleta gunia kwa matanga. Watu wakala, pasta akamshukuru mbele ya jeneza.

Mtu akikuletea average ya kijiji, mwambie akuonyeshe wale wa katikati wamekaa wapi. Wafula alijua, alichora na mkono wake. Huyo namchukia kuliko hata Odongo.

Wa Lambwe mliokula hayo mahindi, semeni mnachokumbuka, na nyinyi sina ugomvi. Watoto wa Odongo, nasikia mko humu. Nijibuni hapa hapa, mbele ya watu.