Bibi na Muziki wa Mwamba

Nilipojifungua, fundi cherehani niliyekuwa namvalia magauni yake ya matangazo hapa Chanika aliniambia, "Dada, subiri kwanza mwili urudi." Urudi kutoka wapi? Mwili ulikuwa pale pale, umesimama mbele yake, unavuja maziwa. Miaka minne picha zangu ndizo zilizojaa kwenye kuta za duka lake, wateja wakiingia wananyoosha kidole, "Nishonee kama la yule." Nimezaa, basi, nimekuwa wa kusubiri. Mtengeneza filamu mmoja naye hivyo hivyo. Nilishamwigizia filamu tatu, zote nanyang'anya waume za watu. Akanipigia simu mtoto ana mwezi mmoja: eti kuna nafasi ya mama mkwe. Nina miaka ishirini na minne!

Kwa hiyo nikaenda kupiga kelele. Ndivyo ilivyoanza, sisemi uongo. Ngombezi kuna vijana watatu wa kiwanda cha mkonge wanaopiga roki wakitoka zamu: mmoja gitaa, mmoja besi, mmoja ngoma. Nilikuwa nimekwenda kumsalimia shoga yangu kwenye nyumba za kambi, nikasikia lile gitaa linanguruma kama mtu aliyetukanwa akakosa la kujibu. Nikajisemea, huyu ni mimi. Nikaomba kuimba, mtoto mgongoni. Nilipomaliza, yule wa besi akauliza, "Dada, nani kakuudhi hivyo?"

"Una muda?" nikamjibu.

Baada ya miezi kadhaa tukapata nafasi ya kupiga kwenye ukumbi mmoja Korogwe, Jumamosi saa kumi jioni. Shida ikawa mtoto. Chupa haitaki hata kuiona, kwa hiyo lazima awepo mtu wa kumshika pale pale ukumbini, nikishuka anyonye. Mama yangu alishakataa: "Simshiki mjukuu ili wewe ukabweke mbele za watu." Baba wa mtoto simwandiki hapa, nitachafua karatasi. Akabaki bibi mzaa baba, anayeishi kijijini Misima. Bibi akikataa, siimbi.

Nilimkuta uani anapepeta kunde.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mke mwenzangu. Umekonda au macho yangu?"

Yeye peke yake ndiye aliyeona nimekonda. Nikakaa chini, nikamweleza kwamba siku hizi naimba muziki unaitwa roki.

"Roki ndiyo nini?"

Nami na kidato cha nne changu, nikataka kumpa Kiswahili safi. "Ni mwamba, bibi. Muziki wa mwamba."

Ungo ukasimama. "Mwamba?"

"Mwamba."

"Babu yako alikuwa mwamba," akasema taratibu.

Nikadhani anasema kama wanavyosema vijana, mwanaume wa shoka. "Tena mwamba kweli kweli!" nikaitikia.

Akainuka, akaingia ndani. Alipotoka alikuwa na kisu chembamba, vijiti vilivyochongwa, na ngozi ya mbuzi iliyokunjwa kwenye kanga iliyofifia. Hapo ndipo nilipoelewa. Babu alikuwa akiwamba ngoma. Watu walimletea mizinga mitupu ya ngoma naye anaivalisha ngozi, anaikaza mpaka inasema. Bibi alidhani nimeshika kazi ya babu.

"Wanangu wote waliikimbia, wanasema inanuka," akasema, macho yamemjaa maji. "Kumbe ilikuwa inakungoja wewe. Jumamosi nakuja. Mtoto nitamshika mimi."

Ilikuwa nimwambie pale pale. Sikumwambia. Nilihitaji ile mikono yake, nikaondoka na mdomo wangu umefungwa, mimi ninayejisifu kwamba sifichi kitu.

Jumamosi akaja na kanga mpya na kapu, ngozi ndani ya kapu. Wenzangu walikuwa wanafunga nyaya. Akawasalimia, akaenda moja kwa moja kwenye ngoma, akaigonga kwa kidole.

"Hii ngozi ya mnyama gani?"

"Plastiki, bibi," akajibu mpiga ngoma.

Akanigeukia. "Umeiwamba wewe?"

Zilikuwa zimebaki dakika chache tupande. Ningeweza kusema ndiyo. Nikamtazama amembeba mwanangu, kichwa cha mtoto kimeegemea shingoni mwake, nikashindwa.

"Bibi, mimi siwambi. Naimba tu. Ule mwamba niliosema ni jiwe. Jiwe kubwa."

"Jiwe."

"Ndiyo."

"Ulijua tangu siku ile?"

"Nilijua ulipotoa ngozi. Niliogopa utakataa kumshika mtoto."

Nikaanza kuvua ile jaketi niliyoazima. Nilikuwa najiandaa kuwaambia wenzangu tuahirishe.

"Rudisha nguo yako mwilini," akasema. "Mtoto nimemshika kwa sababu ni mtoto. Ngozi niliitoa kwa ajili ya babu yako. Nani kakwambia hayo ni kitu kimoja?" Kisha akamgeukia mpiga ngoma. "Na wewe baba, ngoma yako imelegea. Huisikii?"

Yule kijana akachukua kifunguo chake cha kukazia ngoma. Bibi akawa anagonga pembeni kwa kidole, sikio karibu. "Kaza hapa. Sasa nenda ng'ambo yake. Usizunguke kama unafunga kapu! Hapa. Ng'ambo. Basi." Akagonga tena. Ngoma ikajibu kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia Ngombezi, na yule kijana akasema, "Du!"

Nikamnyonyesha mtoto harakaharaka nikapanda. Wimbo wa pili maziwa yakanitoka, fulana ikalowa mbele za watu wote, kuna mmoja akacheka, nikamwimbia yeye mpaka akaacha. Niliona kila kitu kutoka kule juu: bibi karibu na mlango, kanga amemfunika nayo mtoto masikio, na vidole vyake vinampigapiga mgongoni. Hakuwa ananifuata mimi. Alikuwa anafuata ngoma.

Ngozi aliniachia. Nimeitundika ukutani chumbani kwangu, pale nilipokuwa nimebandika picha zangu za magauni. Na kule Misima, majirani wakimuuliza bibi mjukuu wake anafanya kazi gani siku hizi, anajibu, "Ni mwamba," anaendelea kupepeta kunde zake. Hafafanui, na mimi nikiwepo simsahihishi.