Nilimpima Mimba, Kumbe Ana Ugonjwa Wangu

Admin, naomba jina langu ubaki nalo mwenyewe. Mimi ni mama wa miaka arobaini na minne, nauza vitenge hapa Singida mjini. Nina mume mpole na binti wa miaka kumi na sita.

Mwezi uliopita nilimsikia binti akitapika bafuni baada ya kula, mara ya tatu wiki hiyo. Sikumuuliza anaumwa nini. Nilimuuliza, "Mimba ya nani?" Akasema, "Mama, sina mimba." Nikanunua kipimo, nikasimama mlangoni mpaka akakojoa. Hakuwa na kitu. Nilifurahi mno, nikachinja jogoo. Alikula vizuri, akanishukuru, akaenda bafuni akafungulia bomba maji yamwagike kwa nguvu.

Hapo ndipo nilipoelewa, maana ujanja wa bomba naujua: maji yanaficha sauti ya kutapika.

Mimi mwenyewe nilianza kujitapisha nikiwa na miaka kumi na tano, shule ya bweni huko Iramba. Wakati ule mitumba ndiyo imejaa minadani, kila msichana anatafuta jinzi ya kumkaa. Mimi nilikuwa mnene, wananiita Gunia. Nikawa namaliza ugali wangu, halafu nakwenda nyuma ya choo kuutoa kwa kidole. Baadaye nilitaka kuacha, nikashindwa. Siku nilipojikaza nikamwendea matroni, nilisema tu, "Shikamoo, matroni. Natapika kila siku." Hakunisubiri nimalize. "Lala hapo." Akaniminya tumbo kutafuta mimba, wenzangu wawili wakiangalia. "Huna kitu wewe, nenda darasani." Nyumbani nako, nilivyokonda, wakanong'ona kwamba nina ule ugonjwa, ukimwi. Nikaendelea kwa siri. Inaniuma sana kwamba niliyajua yote hayo na bado nikamfanyia mwanangu vilevile.

Juzi nikamwambia, "Mwanangu, niambie kinachokusumbua." Akajibu taratibu, "Si ulishanipima, mama?"

Naona njia iliyobaki ni kumweleza yangu. Lakini ndugu zangu, mimi sijaacha. Miaka yote hii mume wangu anajua nina vidonda vya tumbo. Leo baada ya chakula cha mchana nimefungulia bomba lilelile, na nilipotoka nikamkuta binti mlangoni. Alinitazama mikono. Akasema, "Pole, mama," akaingia yeye, akafunga mlango, nikasikia maji.

Bado nimekaa hapa nje. Akitoka, nimwambie nini? Nishaurini, wenzangu.